Ufunguo Anao Mwenye Picha

Picha ilinikuta darasani, Mbeya, chaki mkononi. Simu ilitetemeka mfukoni mwa koti. Sina kawaida ya kushika simu mbele ya wanafunzi, ila mama alikuwa mgonjwa Iringa, kwa hiyo nikachungulia. Ni grupu la ukoo. Kaka yangu ametuma picha. Nikaifungua, nikamwona mama yangu mzazi amelala kitandani kwake Ipogolo, kifua wazi, titi la kushoto limeungua, kidonda kimeshuka mpaka kwapani, na uso ameugeuzia ukutani. Chini yake kaka ameandika: "Ndugu, hali ya mama ndiyo hii. Tumuombee."

Na watu wakawa wanaomba! Viganja vilivyounganishwa vinamiminika, amina juu ya amina, shangazi wa huku, binamu wa kule, watu wa ukoo waliohamia Usangu na ambao sijawahi kuwaona kwa macho. Mmoja ameandika "Loh, limeungua hadi chuchu." Ameandika! Ameketi mahali, ametazama kifua cha mama yangu kwa utulivu, akatafuta herufi, akaandika. Nilitoa neno ambalo mwalimu hatakiwi kulitoa, nikaweka chaki mezani, nikatoka nje. Wanafunzi wangu bado wananitania kwa neno lile.

Mama aliunguzwa na mafuta ya maandazi. Walikuwa wanapika kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu, sufuria kubwa juu ya mafiga, figa moja likateleza kwenye tope, mafuta yakamwagika. Alilazwa Iringa, wakamtibu vizuri, akarudishwa nyumbani aendelee kufungwa kidonda. Lakini jeraha la kwapani liliwatia madaktari wasiwasi. Walisema likipona vibaya, ngozi itavuta na mkono utanata ubavuni, hatauinua tena. Inabidi aonwe na daktari wa majeraha ya moto. Daktari huyo mimi nilimfahamu, mama mmoja mtu mzima, yuko Mbeya. Mpango ulikuwa umekamilika: mama aje akae kwangu, mume wangu atakuwa anampeleka kliniki, mkono upone. Kitanda tulishakitandika.

Sasa picha ile ikafika pia kwenye simu ya mume wangu.

Kaka aliliunda lile grupu wakati wa harusi ya mdogo wetu, na harusini watu hawachagui, kwa hiyo wakwe wote wamo. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe. Mama yangu ni Mhehe wa zamani, wa wale ambao mkwe akiingia uani anavuta khanga hadi shingoni hata kama jua linawaka. Miaka yote ya ndoa yangu hawa wawili hawajawahi kukaa mkeka mmoja. Wanapendana mno, na wanapendana kwa umbali. Akimletea mchele kutoka Kyela anauacha mlangoni, anakohoa, anaondoka hatua chache, ndipo mama anatoka kuuchukua na kumshukuru kwa sauti ya juu. Mimi nilikuwa nawacheka. Siku ile niliporudi nyumbani nikakuta simu ya mume wangu iko juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa cha mezani.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Sikuangalia," akasema, macho yakiwa kwenye viatu vyake. Alikuwa anadanganya kwa heshima, na nilimpenda kwa uongo ule. Jioni hiyo akajitoa kwenye grupu bila kuaga.

Nikampigia kaka. Simu iliita mara moja tu, maana alikuwa anasubiri nimshukuru.

"Kaka, nani alikupa ruhusa ya kumpiga mama picha akiwa kifua wazi?"

"Ruhusa? Mama yangu mwenyewe?"

"Mama yako na matiti yake umepewa wewe ugawe?"

"Ebo! Sasa wewe unaleta mambo ya chuo. Watu wanauliza hali, kila saa simu. Nimewaonyesha, wameona, wanaomba. Kosa liko wapi? Wahenga walisema mficha uchi hazai."

"Mama ameshazaa, kaka. Amekuzaa wewe. Hana haja ya kuonyesha tena."

Kisha akaanza kulalamika kwamba asante ya punda ni mateke, kwamba yeye ndiye anayemnyanyua mama asubuhi, yeye ndiye anayefunga duka Mlandege kukimbilia dawa, sisi wa mbali kazi yetu kukosoa. Na ni kweli, anamnyanyua. Kaka yangu hana roho mbaya, ningependa angekuwa nayo ili nimchukie vizuri. Akasema basi, nimefuta. Akafuta kwenye simu yake. Nikamwambia umefuta kivuli, mti uko kwenye simu za watu wote, akasema unanichanganya, akakata.

Mambo kama haya hayabaki simuni. Jirani mmoja alikuja kumpa mama pole, akamwambia "tumeiona hali yako, dada," akimaanisha wema kabisa. Mama akauliza mmeiona wapi. Akaambiwa. Akauliza mkwe wangu wa Mbeya alikuwemo humo? Akaambiwa alikuwemo.

Kuanzia hapo akagoma. Hakupiga kelele, mama yangu hana kelele. Alisema haendi Mbeya, basi. Atalalaje nyumba moja na mkwe aliyemwona kifua? Nikamwambia mama, tutakutafutia gesti karibu na kliniki. Akaniambia kwa upole kwamba binti ana nyumba Mbeya na mama yake analala gesti, hiyo nayo tuitume kwenye grupu?

Nikamwendea daktari. Akasikiliza, akavua miwani, akasema anaweza kumfuatilia kwa mbali kwa muda, wifi yangu akiendelea kumfunga kidonda, ila lazima aone picha, na zenye rangi halisi. "Weupe wa nta ni habari nyingine, njano nyingine, wekundu wa nyama hai nyingine," alisema. "Nikikosea rangi, nimekosea mkono."

Picha! Mimi nimpelekee mama habari kwamba anatakiwa apigwe picha tena!

Niseme sasa kazi yangu, maana ndiyo ilinifanya nisilale kwa hasira. Nafundisha hesabu, na chuoni ninasomea kuficha picha za rangi. Miaka yote ya masomo nimeshinda nikizivuruga picha zilezile ambazo kila mtu wa fani yetu huzitumia kwenye majaribio: pilipili hoho za rangi mbalimbali, nyani mwenye pua nyekundu. Nazivuruga hadi hazitambuliki, kisha nazirudisha. Nyani wangu alikuwa salama kuliko mtu yeyote Tanzania, na mama yangu yuko wazi kwenye simu za watu Usangu na Chunya. Hebu fikiria.

Nikapanda basi kwenda Iringa.

Nilimkuta mama kaegemea mito, khanga hadi kidevuni. Shikamoo yangu akaiitikia, kamwene, salamu yetu ya Kihehe, nayo akaiitikia, kisha akafumba macho. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyekuwa anamsafisha kidonda na ndiye pekee aliyeruhusiwa kuona. Nikasema mama, nina namna ya kufunga picha.

"Fupisha," akasema.

Nikafupisha kadiri nilivyoweza. Nikamwambia picha ni nukta nyingi mno, na kila nukta ni namba tatu, nyekundu, kijani na bluu. Mtu anachagua namba ya siri, ndefu, iliyo kati ya sifuri na moja. Unaizidisha na kile kinachopungua kuifikisha moja, unazidisha tena kwa namba inayokaribia nne. Jibu unaliingiza tena mlango uleule, na tena, na tena. Majibu yanarukaruka huku na huku, ni vurugu tupu, na ndiyo maana tunaziita ramani za vurugu. Lakini ni vurugu yenye utii: ukianza na namba ileile, itaruka vilevile. Kwa vurugu hiyo nazihamisha nukta zote mahali pake, halafu nazibadilisha rangi, nyekundu inaingiliana na kijani na bluu. Picha inakuwa chenga. Mwenye namba anarudisha hatua nyumanyuma, picha inatoka kama ilivyokuwa.

"Na asiye na namba?"

"Chenga."

"Na akikaribia? Akakosea kidogo tu, mwishoni?"

Nilishangaa, maana hilo ndilo swali ambalo wanafunzi wangu hawaliulizi. "Akikosea tarakimu moja ya mwisho kabisa, mama, ni sawa na asiyejua kitu. Mwanzo majibu yanafanana, baada ya mizunguko kadhaa yanaachana moja kwa moja. Hapati hata kidole chako."

Akafumbua macho. "Nani ana namba?"

"Wewe. Daktari. Na mimi."

"Wewe ya nini?"

"Mama, mimi ndiye niliyetengeneza."

"Fundi akitengeneza kitasa cha mlango wangu, anabaki na ufunguo?"

Wifi akageuka dirishani, mabega yanatikisika. Mimi nilichukia, sitaficha. Nimesafiri kutoka Mbeya, nimegombana na ukoo mzima kwa ajili yake, halafu nawekwa fungu moja na shangazi na mabinamu wa grupu! Nikamwambia mimi ni mwanao wa kike. Akasema ndiyo maana, akaomba maji ya kunywa.

Basi nikafanya alivyotaka. Nikaweka programu kwenye simu ya tachi ya wifi, kamera ikafunguka humohumo ndani ili picha isibaki kwenye simu, na namba inaandikwa kila mara kwa kidole, haihifadhiwi. Mama akampigia daktari mwenyewe. Kabla ya kumtajia namba alitutoa chumbani, mimi na wifi, tukasimama uani tukitazama malori yakishuka kuelekea Mbeya. Tulisikia sauti yake ikitaja polepole, tukasogea mbali zaidi.

Nikarudi kazini, nikamwekea daktari programu ileile. Siku ya kupiga picha ya kwanza ikafika, wifi akapiga, mama akaandika namba yake kwa mkono wa kulia, picha ikafungwa. Hadi hapo mambo safi. Ila simu ya wifi haikuwa na bando. Akampelekea kaka ile picha iliyofungwa, kwa njia isiyohitaji bando, amsaidie kuituma Mbeya.

Daktari akanipigia mchana. "Haifunguki. Naona chenga tu."

"Namba umeandika sawa?"

"Nimeandika alivyonitajia, na nimerudia. Chenga."

Nikampigia kaka. "Ile picha umeituma vipi?"

"Nimeituma kama picha tu. Kwani picha inatumwaje?"

Nikakaa chini. Programu zile za kutumiana ujumbe, ukituma kitu kama picha, zinaibana ipungue uzito, zinagusagusa rangi hapa na pale. Kwa picha ya harusi hakuna atakayejua. Kwa picha iliyofungwa kama yetu ni msiba, maana kila nukta inaitegemea nyingine, ukiharibu kidogo umeharibu yote. Ilitakiwa itumwe kama faili. Nilimwambia wifi, sikumwambia kaka, kwa sababu sikutaka kaka aiguse kabisa. Nikaanza kumweleza, taratibu, nikijizuia.

"Sikiliza, dada," akanikatiza, tena kwa furaha, "usijisumbue. Ile ilikuwa imeharibika kabla hata sijaituma. Nimeiona mwenyewe, madoa matupu. Simu ya mke wangu mbovu. Nimeshaomba msaada kwenye grupu."

"Umeomba nini kwenye grupu?"

"Kama kuna mtu bado anayo ile ya zamani. Si daktari anaitaka? Mjomba ameshairusha."

Sikumbuki nilikataje simu. Nikafungua grupu. Kwanza ilikuwepo picha ya chenga, rangi zote za dunia zimemwagwa kama mtama uliochanganywa na mchanga, na chini yake kaka: "Ndugu, picha ya mama imeharibika. Daktari wa Mbeya anaihitaji. Mwenye ile nyingine asaidie." Halafu mjomba, mdogo wake mama, anayechimba dhahabu huko Chunya, ambaye aliapa kwa Mungu kwamba ameifuta: "Ninayo hii hapa." Na mama yangu tena, kifua wazi, uso ukutani. Na kwa kuwa anapenda kuhitimisha: "Mficha maradhi kifo humuumbua."

Na viganja vikaanza upya. Amina. Amina. Amina. Baadhi ya watu, naapa, walikuwa wameshaweka viganja hata kwenye ile ya chenga! Hawajui wanaona nini, wanaomba tu. Nilicheka kicheko kibaya, peke yangu, ofisini, kisha nikalia kwa hasira hadi mwenzangu wa ofisi akatoka akaniachia chumba.

Nilimwandikia mjomba mambo ambayo mpwa hamwandikii mjomba. Sijutii hata nusu yake. Nikaomba ruhusa kazini, nikarudi Iringa, na njia nzima nilikuwa napanga jinsi ya kumwambia mama, maana nilijua akisikia atakataa kila kitu, na daktari alikuwa ameshasema kwapa halisubiri.

Nilipoingia alikuwa ameshaambiwa. Jirani yule yule, mwema. Mama ameketi wima kitandani, jambo ambalo lilikuwa linamuuma. Kaka amesimama pembeni ya mlango, kofia mkononi, macho mekundu. Sikumsalimia.

"Simu yako iko wapi?" mama akaniuliza. "Nionyeshe."

"Mama, usiangalie."

"Kila mtu ameangalia. Nionyeshe zote mbili."

Nikampa. Ile ya mjomba aliitazama kidogo tu, akasonya, akaipitisha. Ile ya chenga akaikazia. Akasogeza simu karibu, akaipeleka mbali, akaigeuza.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama. Ndiyo ile aliyopiga wifi."

"Na kidonda kimo?"

"Kimo. Kila kitu kimo. Ila kaka aliituma vibaya, sasa hata daktari hawezi kuifungua."

"Nakuuliza hawa. Wote hawa wenye viganja, wameiangalia?"

"Wote."

"Mjomba wako?"

"Naye."

"Na hakuna aliyeniona."

"Hakuna, mama."

Akaanza kucheka. Ngozi ilimvuta, akashika ubavu, akasema aii, akacheka tena. Wifi akamshika mgongoni. Sijui kama nilishawahi kumwona mama akicheka hivyo tangu aungue, na hasira yangu haikupungua, ila ilipata mahali pa kukaa. Akarudia peke yake: wote wameniangalia, hakuna aliyeniona. Kisha akaacha kucheka, akamwambia kaka, "Wewe. Bonyeza pale pa kusemea. Niwasemeshe watu wako."

Kaka akabonyeza. Mama hakuwahi kusema neno kwenye lile grupu. Alisogeza mdomo karibu na simu, akasema kama anayemsemesha mtu aliye ng'ambo ya korongo.

"Nawasalimuni nyote. Ni mimi, mwenye hicho kifua. Sijafa, nasikia. Wewe mdogo wangu wa Chunya, nilikubeba mgongoni na makamasi yako, na sikukuvua nguo mbele za watu hata siku moja. Wewe umenivua. Anayetaka kujua hali yangu aje Ipogolo, nitajifunika, tutasalimiana. Asiyeweza, aombe hukohuko. Mungu haombi picha."

Akamwashiria kaka aachie kitufe. Kwenye grupu hakuna kiganja, hakuna amina. Kaka alibaki ameshika simu, machozi yanamshuka, akasema mama nisamehe. Mama akamwambia kwanza kanunue bando la mke wako.

Kuanzia hapo picha zilienda zinavyotakiwa. Wifi anapiga, mama anaandika namba, faili linakwenda, daktari anafungua Mbeya. Nakala ya kila faili ilikuwa inakuja kwangu pia, ili niangalie kama limefika salama. Nilikuwa nayafungua. Chenga. Kila mara chenga, na kila mara zikifanana na zile za kabla machoni pangu, ingawa ndani yake kidonda kilikuwa kinabadilika na mimi sijui. Nilikuwa nampigia daktari kumuuliza kama mtu baki. "Njano imepungua," anasema. Au, "Sipendi ule mstari wa kwapani, mwambie wifi yako amfanyishe mazoezi mara nyingi zaidi." Wifi akawa anamsimamisha mama ukutani, mama anapandisha vidole kama buibui, pale anapofika, wifi anachora alama kwa mkaa. Mama alikuwa analia akipanda. Mwezi mmoja alama zilikwama palepale, daktari akaanza kutaja upasuaji, nikaingiwa na hofu nikamkaripia kila mtu. Halafu zikaanza kupanda tena.

Mjomba alikuja kutoka Chunya. Aliketi uani mchana kutwa, vumbi la safari bado liko kwenye nyusi, hakujua aingie au aondoke. Mama alijifunika, akatoka, wakasalimiana. Mimi sikutoka. Kama alifuta kweli au hakufuta, nani atajua? Picha ile iko hewani mpaka leo, na kila nikimwona mtu wa Usangu amekunja shingo juu ya simu, roho inanichemka.

Ikafika wakati wa kuwasilisha kazi yangu mbele ya jopo. Niliwaonyesha pilipili hoho na nyani, wakasema hayo tumeyazoea, kuna matumizi gani ya kweli? Nikawaeleza habari ya mgonjwa wa moto, bila kusema ni nani, nikawaonyesha zile chenga. Wakafurahi. Wakasogea mbele kwenye viti.

"Vizuri sana," akasema mwenyekiti wa jopo. "Sasa weka na picha ya asili pembeni, tulinganishe."

Nikasema sina.

"Utakosaje? Itafute. Bila picha ya asili, sura hii ya tasnifu haijakamilika."

Nikawatazama nyuso zao. Watu wazima, wasomi, baba za watu, wenye heshima zao. Na wao wanataka kuona. Wamepewa hesabu, wamepewa chenga, wamepewa mkono unaopona, na bado shingo zinawarefuka kama za grupu la ukoo. Nilitoka pale nimefura, lakini shahada ni shahada, nikaenda Ipogolo kuuliza.

Mama alikuwa anapepeta mahindi uani. Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, akakung'uta ungo, akasimama, akauinua kwa mkono wa kushoto, ule wa kidonda, juu ya kichwa, akautundika kwenye msumari wake ukutani. Sikuwa nimeuona ule mkono ukipita bega tangu siku ya mafuta. Pale pale chini ya msumari zilikuwepo alama za mkaa za wifi, moja juu ya nyingine, na ungo ulikuwa umezipita zote.

"Waambie mwenye picha yupo, mkono wake mzima, na amekataa," akasema. Kisha akaniuliza mkwe wake hajambo, na kama atapenda mahindi haya mapya, atamwachia mlangoni.

Nikarudi mbele ya jopo na chenga zangu. Nikaziweka ukutani kubwa, nyekundu na kijani na bluu, nikasema mwenye picha amekataa. Mwenyekiti akavua miwani.

"Sasa sisi tutajuaje kama kuna mtu humo ndani?"

"Hamtajua," nikamwambia. "Ndiyo kazi yenyewe."